Sababu ya Kuinuka



Mwaka hadi mwaka, viti hekaluni vinaongezeka na mikeka inapungua. Sisi wafanyabiashara wa Kisutu na Kariakoo hushinda tumeketi dukani, chai ya maziwa na vitamu mkononi. Nasi wenye asili ya Bara Hindi huweza kupatwa na kisukari hata kwa uzito ambao kwa wengine si wa kutisha.

Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa juma. Hesabu yake ni nyepesi: nusu saa, siku tano, kutembea kwa haraka kando ya bahari Kivukoni kabla ya kufungua duka.

Hata hivyo, hofu ya maradhi haidumu. Kidumucho ni sababu tuipendayo. Yetu na iwe hii: kuketi mkekani na wajukuu wakati wa bhajan, kisha kuinuka bila kushikwa mkono.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mwili nao ni mali. Basi kila siku tuliyotembea tuiandike.