Kufufua Malambo Yetu ya Zamani

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimepewa heshima ya kusema nanyi juu ya maji. Sitasema juu ya mvua, maana mvua i mikononi mwa Mungu. Nitasema juu ya maji ambayo Mungu hutuletea, nasi tukayaacha yapite.

Katika nchi yetu ya Machakos mvua huja mara mbili kwa mwaka, ya masika kuanzia Machi na ya vuli kuanzia Oktoba. Hunyesha kwa nguvu siku chache, na maji mekundu hushuka mabondeni kwa kishindo. Kiangazi kikishika, mama zetu wanafukua mchanga wa mto wakitafuta mtungi mmoja.

Wengi husema dawa ni kuomba lambo jipya. Mimi naona yafaa kwanza kuyatazama yale tuliyo nayo. Kuanzia mwaka 1946 mpango wa serikali ya kikoloni ulioitwa ALDEV ulijenga malambo mengi ya udongo katika Ukambani, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu waliongeza mengine kwa Harambee. Mengi yake leo ni viwanja vya tope na majani. Ukuta ungali umesimama, lakini tumbo limejaa.

Je, tope hilo lilitoka wapi? Halikuletwa na adui. Ni udongo wa mashamba yetu wenyewe, ule wa juu wenye rutuba, uliochukuliwa na maji kutoka katika miteremko isiyo na matuta na njia za ng'ombe zilizogeuka makorongo. Kwa hiyo ugonjwa wa lambo hauko lamboni. Uko mlimani juu yake. Tukiondoa tope bila kuuzuia udongo, tutakuwa kama mtu afagiaye nyumba huku mlango u wazi na upepo wavuma.

Natupige hesabu kidogo. Chukueni mfano wa lambo lenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 40. Tukiondoa tope la kina cha mita moja na nusu, tumepata nafasi ya mita za ujazo 3,000, ndiyo lita 3,000,000, yaani mitungi 150,000 ya lita 20. Kweli jua litakunywa sehemu yake kubwa, na ndiyo sababu yafaa lambo liwe la kina kuliko kuwa pana. Na kazi je? Ikiwa mtu mmoja huchimba na kubeba mita moja ya ujazo kwa siku, hiyo ni kazi ya watu 150 kwa siku 20. Si kazi ndogo, lakini haiwashindi watu waliozoea mwethya.

Sitaki kuwadanganya. Maji hayo hayatanywesha mahindi ya kijiji kizima. Yatanywesha mifugo, miche na bustani za mboga, na kuwapunguzia mama zetu mwendo wa saa nyingi.

Wazee mnakumbuka, au mliambiwa na baba zenu, ya kwamba mwaka 1938 watu wetu wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kupinga kunyang'anywa mifugo kwa jina la kuhifadhi udongo. Kazi ya kushurutishwa watu huitupa mara mwenye fimbo aondokapo. Lakini matuta ya fanya juu, ambayo mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu, yalienea katika Machakos kwa sababu wakulima waliona faida yake kwa macho yao. Hilo ndilo funzo letu.

Na si sisi peke yetu tulio na shida hii. Katika wilaya ya Alwar, jimbo la Rajasthan, nchini India, vijiji vilikuwa na malambo ya kale yaitwayo johad, nayo yaliachwa yakajaa udongo. Mwaka 1985 kijana mmoja, Rajendra Singh, alifika huko akitaka kufungua zahanati na shule. Wazee walimwambia haja yao ya kwanza ni maji. Akaanza kuchimba pamoja na wanakijiji, lambo moja baada ya jingine, hata maji yakarudi visimani na mto Arvari ukatiririka tena. Tena wakaweka baraza la vijiji vya bonde lile ili kuamua matumizi ya maji. Ushauri wa wazee ndio uliofungua njia.

Basi naleta mbele yenu mambo matano. Kwanza, mashamba yote yaliyo juu ya lambo yapate matuta kabla ya jembe kugusa tope. Pili, habari zipelekwe kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, iliyowekwa kwa Sheria ya Maji ya mwaka 2016, ili tujue kibali kinachotakiwa. Tatu, tope lirudishwe mashambani, wala tusichimbe hata kuutoboa ule udongo wa mfinyanzi ulio chini, maana ndio ushikao maji. Nne, njia ya kupitishia maji ya ziada itengenezwe imara, na lambo lizungushiwe ua. Ng'ombe wanywe katika birika lililo nje. Tano, ichaguliwe halmashauri yenye akina mama ndani yake, maana wao ndio wachotaji.

Liko neno moja gumu. Mwenye shamba la juu atatoa jasho lake kwa matuta, na huenda lambo likawa karibu na jirani yake. Mwenye ng'ombe 30 atakunywesha zaidi ya mjane mwenye mbuzi wawili. Haki hizi zisipopimwa mapema, lambo litaleta ugomvi badala ya maji. Kwa hiyo naomba mpango wa zamu na michango uandikwe na kukubaliwa na wote kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wetu ungalipo. Ufa uko mashambani. Mvua za vuli hazitatungoja. Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano huu uamue leo.