Tabibu wa Barua

Wasikilizaji wetu, sisi tumezoea kwamba mgonjwa humwendea tabibu. Lakini katika karne ya 18 huko Ulaya, wagonjwa wengi waliopata nafasi walipeleka barua, nao wenyewe wakakaa nyumbani.

Katika mji wa Edinburgh, Uskoti, alikuwako Daktari William Cullen, aliyezaliwa mwaka 1710 akafa 1790. Barua zilimjia kwa maelfu, nyingine kutoka ng'ambo ya bahari. Mgonjwa, au jamaa yake, au tabibu wa kwao, alieleza maumivu, usingizi, chakula na choo. Cullen alijibu kwa kuagiza dawa, chakula kifaacho, hata kupanda farasi. Majibu yalinakiliwa kwa mkono, mpaka 1781 alipopata mashine ya kunakili iliyobuniwa na James Watt.

Je, aliwezaje kumtibu asiyemwona? Siku zile matabibu walitegemea sana maneno ya mgonjwa. Chombo cha kusikilizia kifua kilibuniwa 1816 tu. Walakini hatari ilikuwapo. Barua ikikawia njiani, jibu liliweza kumkuta mgonjwa katika hali nyingine, au kaburini. Na jambo lililofichwa kwa haya halikupata dawa. Kwa hiyo Daktari Tissot wa Lausanne, Uswisi, katika kitabu chake kilichotoka mara ya kwanza 1761, aliwapangia watu maswali ya kujibu wamwulizapo tabibu.

Basi, ndugu zetu, tufikapo hospitali tuseme yote: ugonjwa ulianza lini, wapi panauma, dawa gani tumekwisha kunywa. Tabibu huupima mwili wa leo. Habari za jana tunazo sisi.