Tusichague kwa Makofi



Ghala letu la korosho linataka watu, na watu tunao. Ila msimu uliopita tulikosea sisi wenyewe. Ukarani wa mizani tulimpa ndugu yetu kwa kuwa anaongea vizuri mkutanoni. Uzito wa magunia matupu hakuutoa. Kufika ghala kuu kilo zikapungua, malipo yakakatwa. Hakuiba mtu. Tulimweka mahali si pake.

Tangu stakabadhi ghalani ianze kwenye korosho mwaka 2007, malipo yanafuata uzito ulioandikwa. Namba ikikosewa, basi tena.

Safari hii tutawapima mbele yenu. Wa mizani apime magunia matano, aandike. Wa ghala atie mkono guniani, aseme zipi mbichi zipi kavu, halafu tuzipasue tuone. Mweka hazina alete daftari alilowahi kulitunza. Yule mama wa kikoba, daftari lake halina hata shilingi iliyopotea, mbona hatujamwuliza?

Na msemaji wetu bado tunamtaka. Nani mwingine ataweza kubishana na wenye malori?

Majina yafike kwa katibu kabla ya Jumamosi.