Sakafu ya Simenti na Baridi ya Usiku

Chwele iko karibu na Mlima Elgon, na baridi yake ya usiku si ndogo. Sakafu ya simenti ni njema, maana huwanyima funza vumbi la kuzalia. Lakini hunyonya upesi joto la mwili, nao watoto walalao chini ndio waumiao. Dawa yake si ghali. Yatandikwe magunia makuukuu ya katani, mawili au matatu, makavu kabisa, kisha mkeka wa mafunjo juu yake: hewa iliyonaswa katikati ndiyo izuiayo baridi. Kila asubuhi yote yaanikwe juani, yasije yakaoza kwa unyevu. Jiko la makaa lisilazwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.