Kaye ya rezo: maneno yetu kwa vijana wa Kasongo

Siye tuliotoka Kabambare, pamoja na wana wa Kasongo, tunasema aksanti kwa mama aliyetukubalia kukaa hapa chini ya muembe wake. Hatutasema muda murefu, ju tunajua simu za wengi zimebakia na asilimia kumi na tano.

Kati yetu kuko wale ambao mutaani wanaitwa "watu wa mashine". Kuko mwenye kufungua redio nzima ili tu aone ndani muko nini. Kuko mwenye kable tatu mufukoni na hana hata kalamu moja. Tulipofika hapa kwa masomo, kitu cha kwanza tulichotafuta hakikuwa kitanda. Tuliuliza: "Wanachajia wapi?" Kila mutu mwenye kuhamia muji mupya anajua hii. Kabla hujajua njia ya soko, umekwisha kujua nyumba ya kuchaji, na umekwisha kusikia kama mwenye nyumba ni mutu wa kweli ao ni wa kubadilisha batri za watu.

Kisha miezi miwili, mitatu, unachoka kulipa kila siku, unatafuta pano yako ya jua. Hapa ndipo wengi tuliliwa makuta. Mulango wa kwanza wa kuliwa ni karatasi ya nyuma ya pano. Imeandikwa wati 100, na pano yenyewe unaibeba kwapani sawa kaye. Pano ya kweli ya wati 100 haiwezi kujificha: urefu wake ni karibu metre moja, upana wake unapita nusu metre. Mwenye kuuza akisema hii ni teknolojia mupya, mumuage kwa heshima muende.

Mulango wa pili ni konvertisere. Tunachukua umeme wa batri ya volti 12, tunaupandisha mpaka 220, kisha tunachomeka chaja inayoushusha tena mpaka volti 5. Kupanda na kushuka kote huko kunakula jua letu bure. Kile kichwa kidogo cha kuchajia simu ndani ya gari kinafanya kazi hiyo moja kwa moja, na bei yake si kitu. Tulifanya hesabu pamoja: pano ya wati 50, jua zuri la saa tano, ni wati-saa 250 kwenye karatasi. Ondoa joto, vumbi na kable mbaya. Simu moja yenye batri ya 5,000 inakula karibu 19. Unabakia na simu nane kwa siku, na batri yako hujaikausha. Batri ya asidi ukiikausha kila usiku ju ya mpira na muziki, haitamaliza mwaka.

Rezo nayo ikikosa, simu si maiti. Kuko programu inaitwa Kiwix. Unaweka Wikipedia ya Kiswahili ndani ya kadi ya simu mara moja, siku umepata mega, na kisha unaisoma bila intaneti. Ya Kifaransa inaomba kadi kubwa zaidi. Mutu mumoja akiwa nayo, anawapa wengine kumi kwa kadi ama kwa Bluetooth. Kuko wanafunzi hapa wanafanya kazi zao zote kwa njia hiyo, na mwalimu anauliza mega wanatoa wapi.

Lakini tusidanganyane, kuko kazi moja ambayo Kiwix haiwezi. Haiwezi kupeleka neno Kabambare.

Muji huu ulijulikana mbali tangu karne ya 19, wakati wa Tippu Tip, wakati habari zilibebwa kwa miguu mpaka pwani. Leo tuko na antena, na bado kuko siku ujumbe wa Kabambare unabebwa na mutu wa pikipiki ndani ya karatasi.

Mumoja wetu alituma makuta kwa mama yake, kijiji kimoja cha kule, ya kununua dawa. Simu ya hapa ikaandika: imefika. Ni kweli, ilifika. Mama alikuwa na makuta ndani ya simu na hakuwa na dawa, ju antena ilikuwa imenyamaza siku ya tatu na mutu wa kabini hakuweza kumutolea. Mutoto wa jirani akapanda kilima na simu mbili mukononi, akarudi jioni bila kitu. Siku ya ine ndipo pikipiki ilibeba dawa kutoka hapa, ndani ya matope yale munayoyajua. Mama alipona, tunashukuru Mungu.

Tukaenda kulalamika. Kampuni jina lake tunaliacha. Yule aliyetupokea hakutufukuza, alituuliza tu kwa upole: "Antena ilizimika tarehe gani? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Ni sehemu gani?" Tukaangaliana. Siye watu wa mashine, wenye simu mbili mbili, hatukuwa na hata tarehe moja. Tulikuwa na hasira tu. Na hasira haina saa wala sehemu, yeye akaandika "malalamiko ya rezo" na kufunga karatasi. Ile siku ilituuma kuliko kuliwa makuta ya pano.

Mukumbuke RAM. Kuanzia mwaka 2020, simu ya 2G ilitozwa dola 1 kwa mwaka, ya 3G na 4G dola 7, na walikuwa wanakata kidogo kidogo ndani ya inite. Wengi walidhani ni kabini inawaibia, watoto wa watu wakatukanwa bure barabarani. Mwenye kuandika inite zake kabla na kisha ndiye alijua mapema zinaenda wapi. Mwaka 2021 kelele ikapanda, barabarani na mpaka bungeni, na mwaka 2022 ile tozo ikaondolewa. Haikuondoka ju tulikasirika sana. Kukasirika tulikasirika tangu mwanzo. Iliondoka ju watu walikuwa na hesabu mukononi, wakaendelea kuionyesha.

Sasa kuko sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ju ya mawasiliano. Iliweka mufuko, FDSU, wa kufikisha simu na intaneti kule ambako kampuni hazioni faida. Vijiji vya Kabambare, kama si vile, ni vipi? Na iko ARPTC, ofisi ya kusimamia kampuni za simu. Ndiyo ile ile iliyokataza Starlink mwezi wa tatu 2024, kisha mwezi wa tano 2025 ikaipa ruhusa. Wengine wanasema tungoje Starlink itatuokoa. Ije, hatukatai, lakini mwanafunzi mwenye kuhesabu mega mia mbili kwa juma, hiyo sahani ataiweka juu ya nyumba ya nani?

Tunachoomba kwenu ni kidogo na kinachosha. Kila mutu awe na kaye. Asubuhi, saa sita ya mchana na usiku kabla ya kulala, uandike tarehe, saa, sehemu, aina ya SIM kadi, na kama kupiga kumewezekana. Mwenye Android aingie mipangilio, kuhusu simu, hali ya SIM: ataona nguvu ya rezo kwa namba yenye alama ya kutoa. Kwenye 4G, karibu -85 ni nzuri, ikifika -110 ni ya kuomba Mungu. Hiyo namba iandikwe. Ndugu walioko Kabambare wafanye vilevile, na kaye zao zije kwa pikipiki ikibidi. Kisha miezi mitatu tunaandika barua mbili, moja kwa ARPTC, moja kwa mufuko, na namba zote nyuma yake.

Neno moja kwa wenye kuwa upande wa Salamabila na kwingine kwenye watu wa silaha: musisimame chini ya antena na kaye mukononi. Mutu anaweza kukuchukua sawa mupelelezi, na huko hakuna nafasi ya kueleza dBm ni nini. Muandike nyumbani. Hakuna picha ya bariera, hakuna picha ya askari, hakuna jina la mutu. Na hakuna kuandika "wanasema". Sheria ya mambo ya dijitali ya 2023 inaadhibu mwenye kueneza uongo, na hata bila sheria, mustari mumoja wa uongo utaharibu kaye nzima. Andika tu kile kioo chako kimekuonyesha.

Tunaanza posho ijayo, kisha salongo, hapa hapa chini ya muembe. Kila mutu alete kaye na kalamu, tutachora mistari pamoja ili kurasa zifanane. Pano yetu itakuwa juani tangu asubuhi: simu nane za kwanza zitachajiwa bure.