Muulize Amepataje

Msikilizaji, mtoto wa Mutanga Sud, mtaa wa Bujumbura nchini Burundi, anayeanza shule anajifunza hesabu kwa Kirundi. Akifika 80 anasema mirongo umunani, yaani makumi manane. Neno lenyewe linamfundisha: hapa pana makumi, nayo ni manane. Miaka michache baadaye masomo yanahamia kwenye Kifaransa, na 80 hiyo hiyo inaitwa quatre-vingts, yaani ishirini mara nne. Idadi ni ile ile, ila sasa mtoto anabeba mizigo miwili: hesabu na lugha.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2014 upimaji wa PASEC ulilinganisha wanafunzi wa nchi 10 za Afrika zinazotumia Kifaransa, na Burundi ikaongoza katika hesabu, mwanzoni na mwishoni mwa shule ya msingi. Sababu ni nyingi, lakini mwalimu na mwanafunzi kuelewana tangu siku ya kwanza kwa lugha ya nyumbani ni mtaji mkubwa.

Mbinu mpya za kumshirikisha mwanafunzi zijengwe juu ya mtaji huo. Mpe mtoto vizibo 12 vya soda. Apange mistari 3 ya vizibo 4, kisha mistari 2 ya vizibo 6, halafu aeleze kwa maneno yake alichokiona. Jedwali la kuzidisha litamkaa kichwani likiwa na maana.

Mzazi unayenisikiliza, jioni hii mwanao akifungua daftari, usianze kumuuliza amepata ngapi. Muulize amepataje.