Somo la Kwanza ni Kamba

Msikilizaji, Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, katika mji mdogo ulio kando ya barabara kuu. Vijana wapatao ishirini, wengi wao waendesha bodaboda, walikuwa wanaanza mafunzo ya zimamoto ya kujitolea. Walikuja wakiwa na hamu ya kushika mpira wa maji. Mkufunzi, mzee mmoja aliyestaafu zimamoto, akawapa kamba.

"Ishikeni, simameni, asipite mtu."

Watoto wa shule wakaambiwa wajifanye umati unaokimbilia ajali. Wakaja mbio, wakasukuma, wakapita chini ya kamba. Kijana mmoja akaiachia, akageuka kutazama moto uliokuwa ukiwaka ndani ya pipa. Mzee akapuliza filimbi, wakaanza upya. Zoezi lilichukua saa nzima. Mmoja akashindwa kuvumilia: "Mzee, kuzima tutafundishwa lini?" Akajibiwa: "Mkishajua kusimama."

Pembeni, baadhi ya watazamaji walinong'ona kwamba muda unapotea. Mimi nasema mzee yule alianzia panapostahili. Barabara ile inapitisha malori ya mafuta usiku na mchana. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madumu kuchota petroli, kisha likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Miaka kumi kabla, Januari 2009, wenzetu wa Kenya walizika zaidi ya watu 100 baada ya lori kuwaka moto Sachangwan, nako watu wakichota mafuta. Moto wa petroli ukishalipuka, kijana mwenye ndoo hana la kufanya. Nafasi yake ni zile dakika za kabla, na kazi yake ni kumrudisha nyuma jirani anayemwita kwa jina na kumwambia, "Mjomba, usinipite." Hilo ni gumu kuliko kushika mpira wa maji, ndiyo maana linahitaji mazoezi.

Baada ya kamba likaja karai la mafuta ya kupikia, yakachemshwa mpaka yakawaka yenyewe. Mzee akawasogeza wote mbali, akamimina nusu kikombe cha maji kwa kopo lililofungwa kwenye mti mrefu. Moto ukapaa juu ya milingoti ya goli. Mama lishe mmoja akashika mdomo. Maji ni mazito kuliko mafuta: yanazama, yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unayarusha mafuta yanayowaka kila upande. Moto ulipotulia akalifunika karai kwa mfuniko wa bati, ukafa. Akakataza mtu kuufunua kabla karai halijapoa, maana hewa ikiingia mafuta yanaweza kuwaka tena.

Mengine yalipita haraka: zima umeme kwenye swichi kuu, funga mtungi wa gesi kama unafikika, penye moshi tambaa kwa sababu hewa nafuu iko chini.

Lakini ninalo la kuwaambia wakubwa wa halmashauri zetu. Vijana wale walifanya mazoezi na kandambili miguuni. Anayejitolea hadai mshahara, anadai buti, glavu, kofia ngumu, na uhakika kwamba akiungua atatibiwa. Kumpongeza kwenye mkutano wa hadhara bila kumpa hivyo ni kumpeleka motoni mikono mitupu.

Nawe msikilizaji wa Tanzania, ingiza namba 114 kwenye simu yako sasa hivi. Ukipiga, anza na mahali: mtaa, na alama inayojulikana, kama msikiti, kanisa, shule au kisima. Eleza kinachoungua na kama kuna watu ndani. Halafu mtume mtu asimame barabarani awaongoze zimamoto, na usikate simu kabla hawajakwambia ukate.